Kabla ya mbegu mpya, pima kontua

Mazungumzo mengi kuhusu wakulima na mabadiliko ya tabianchi huishia kwenye mbegu: inayokomaa mapema, inayostahimili ukame. Sizipingi. Ila mvua ikishaanza kunyesha kwa fujo siku chache kisha jua likawaka wiki tatu, mbegu bora nayo itanyauka ikiwa maji yote yameshatelemka bondeni. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 30 huangusha zaidi ya lita 120,000 kwenye ekari moja. Nusu ikitiririka, zimekwenda lita 60,000 pamoja na udongo wa juu wenye rutuba. Kijiji chenye mashamba ya mteremko mimi hukishauri kianze na kukinga maji hayo kwa matuta yanayofuata kontua, yaani mstari unaokatiza mteremko kwenye usawa uleule, bila kupanda wala kushuka.

Kifaa cha kupimia mstari huo ni fremu ya A, na haihitaji fundi. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 2 hadi 2.5, zifunge pamoja juu, tanua miguu iachane mita 2, kisha kaza ufito wa tatu katikati kama mkingamo. Kutoka kileleni ning'iniza timazi: kamba yenye jiwe linaloning'inia chini kidogo ya mkingamo. Chagua jiwe zito, na upime asubuhi kabla upepo haujaanza kuchezea kamba.

Sasa sehemu ambayo watu huiruka. Alama ya katikati haitafutwi kwa rula. Simamisha fremu, weka alama ardhini pale miguu ilipokanyaga, na alama kwenye mkingamo pale kamba inapopita. Igeuze fremu, mguu wa kushoto ukanyage hasa pale ulipokuwa wa kulia, na wa kulia pale ulipokuwa wa kushoto, kisha weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba itakapotulia miguu yote ikiwa usawa mmoja. Ukikadiria kwa jicho ukakosea sentimita 2 tu kwa kila hatua ya mita 2, baada ya mita 100 mstari wako umeshuka mita nzima. Hapo hujachimba kinga-maji, umechimba mfereji, na utabeba maji yote hadi mwisho na kukata korongo.

Kupima kwenyewe ni kupesi. Piga kigingi ukingoni mwa shamba, weka mguu mmoja hapo, sogeza wa pili juu au chini mpaka kamba iguse alama, piga kigingi kingine, zungusha fremu, endelea. Vigingi vikitokea kupindapinda, lainisha mstari kwa kusogeza vichache kidogo. Mstari unaofuata uweke pale ardhi inaposhuka wima takriban mita 1: kwenye mteremko wa asilimia 5 ni kila mita 20, kwenye asilimia 10 ni kila mita 10.

Kwenye kila mstari jenga fanya juu, yaani mtaro wenye tuta upande wake wa juu: chimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 60, udongo ukiutupa upande wa juu. Acha nafasi ya sentimita 15 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo mvua ya kwanza itaurudisha udongo shimoni. Ndani ya mtaro acha vizuizi visivyochimbwa kila baada ya mita chache, ili kosa dogo la kipimo lisiyakusanye maji sehemu moja. Kilele cha tuta kiwe usawa mmoja. Penye bonde dogo ndipo maji yatakapovukia na kubomoa. Panda majani ya tembo au nyasi za vetiva juu yake mapema msimuni.

Kazi ianzie juu ya mlima kushuka, hata kama mwenye hamasa yuko bondeni. Tuta la chini halihimili maji ya mashamba matatu yaliyo juu yake. Mstari nao usikatishwe kwenye mpaka, maana maji yatamwagikia kwa jirani. Kontua haijui hati ya shamba, kwa hiyo kaeni kikao kwanza, ndipo majembe yatoke.

Kati ya matuta, mashimo ya kupandia husaidia sana: urefu sentimita 30, upana 15, kina 15, nafasi ya sentimita 75 kwa 90. Ni kama mashimo 6,000 kwa ekari, kazi ngumu mwaka wa kwanza, kwa hiyo anza na robo ekari wakati wa kiangazi. Weka viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri. Mbichi huunguza mbegu. Ukifukia, acha shimo likiwa chini ya uso wa shamba kwa sentimita kadhaa, maana likijazwa hadi juu halikingi kitu. Kwenye udongo unaotuama maji usiyachimbe, mizizi itaoza.

Baada ya kila mvua kubwa, zunguka matuta na jembe. Tundu la panya leo ni mpasuko kesho. Lizibe kwa udongo ulioshindiliwa, na tope la mtaroni lirudishwe juu ya tuta. Mifugo isiachiwe humo baada ya mavuno mpaka nyasi zishike.