Maana ya Upana wa Nguvu za Sauti katika Rekodi ya Opera

Upana wa nguvu za sauti ni tofauti iliyopo kati ya sauti ndogo kabisa na sauti kubwa kabisa katika rekodi moja, na kipimo chake ni desibeli. Muziki mwingi wa redioni huwa umebanwa: mafundi mitambo hupandisha sehemu za chini na kushusha zile za juu ili wimbo usikike vizuri ndani ya gari au jikoni. Rekodi nzuri ya opera haibanwi kwa kiasi hicho, na ndiyo sababu anayeicheza nyumbani kwa mara ya kwanza huweza kudhani kuwa ina hitilafu, kwa kuwa mwanzoni hasikii kitu, na dakika chache baadaye analazimika kukimbilia kitufe cha kupunguza sauti.

Mfano bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Das Rheingold (Dhahabu ya Rhine), opera ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner, iliyorekodiwa na kampuni ya Decca ya Uingereza mwaka 1958 katika ukumbi wa Sofiensaal mjini Vienna, Georg Solti akiongoza okestra ya Vienna Philharmonic na John Culshaw akisimamia kazi ya kurekodi. Opera hiyo huanza kwa besi kubwa, yaani ala za nyuzi zenye sauti nzito kuliko zote, kushikilia noti moja nzito, kwa sauti ya chini mno. Kisha huingia mabasuni, ala za kupuliza zenye sauti nzito, halafu baragumu nane zikipokezana, na kwa zaidi ya dakika nne okestra hukua juu ya mpatano uleule wa noti, mpaka mto Rhine, ambamo hadithi huanzia, unakuwa umefurika. Noti hazibadiliki sana. Kinachobadilika ni nguvu. Ukiubana utangulizi huo, umeuondolea karibu kila kitu ambacho Wagner alikuwa anakisema.

Baadaye, miungu Wotan na Loge wanaposhuka chini ya ardhi kwenda Nibelheim, makao ya mbilikimo wafua vyuma, okestra hupungua na kuziachia fuawe 18 zikigongwa peke yake, kisha nazo hufifia taratibu. Majumba mengi ya opera hutumia pungufu ya idadi hiyo, lakini Decca walihakikisha kuwa zote 18 zimepatikana, na katika spika nzuri msikilizaji hutambua kwamba chuma kinagongwa mahali penye nafasi, mbele yake na pembeni.

Chombo cha kuhifadhia nacho kina mipaka yake. Mfereji wa santuri hulazimika kupanuka palipo na sauti kubwa, jambo linalopunguza muda wa muziki unaoweza kuingia upande mmoja, ilhali sauti ndogo humezwa na mchakaricho wa uso wa santuri yenyewe; upana wake hukadiriwa kuwa kati ya desibeli 60 na 70. CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, hutumia biti 16, yaani tarakimu 16 za kidijitali kwa kila kipimo cha sauti, ambazo hutoa takriban desibeli 96. Hata hivyo, rekodi ya mwaka 1958 ilinaswa kwenye tepu yenye mvumo wake, kwa hiyo CD haiwezi kuiongezea upana ambao haukuwapo. Kazi yake ni kutopoteza kilichonaswa.

Kinachokula sehemu kubwa zaidi ya upana huo ni chumba. Sebule yenye friji inayonguruma na feni inayozunguka hufunika kabisa besi za mwanzo, hata mitambo iwe ghali namna gani. Kwa hiyo zima feni, funga madirisha, na usipange kiwango cha sauti kwa kutumia utangulizi. Kipange kwa kutumia sehemu ambayo mwimbaji anaimba kwa nguvu ya wastani, kwa mfano mazungumzo ya Wotan na mkewe Fricka, ambaye hapa anaimbwa na Kirsten Flagstad, mpaka usikie kana kwamba anaimba umbali wa hatua chache kutoka ulipo. Kisha rudi mwanzo na usikiguse kitufe tena. Simu, televisheni na redio nyingi za kisasa zina mpangilio wa usiku au wa kusawazisha sauti, ambao hubana muziki bila kukuarifu, nao sharti uzimwe kabla ya kuanza.