Namba ya BC kwenye boksi la risasi: dhana potofu na ukweli

Watu wa raifo hapa Dar si wengi, ila wakikutana ubishi hauishi. Wapo wenye leseni za uwindaji wanaojiandaa kwenda mikoani msimu ukifunguliwa Julai, wapo wanaopenda shabaha ya mbali kama mchezo, na wapo wa YouTube tu, ambao mara nyingi ndio wenye sauti kubwa kuliko wote. Na karibu kila ubishi unaishia kwenye namba moja inayochapishwa pembeni ya boksi: BC, kifupi cha “ballistic coefficient”. Namba hiyo inaeleza jinsi kichwa cha risasi kinavyotunza mwendo wake kikiwa hewani. Inatokana na mambo mawili: uzito wa kichwa ukilinganishwa na kipenyo chake, na umbo lake. Hapo kila mtu anakubali. Balaa linaanza baadaye.

“BC ya 0.5 ni bora kuliko ya 0.24”

Huenda ni kichwa kilekile. BC ni ulinganisho, haisimami peke yake. Kuna kichwa cha mfano ambacho ukinzani wake wa hewa unajulikana kwa kila mwendo, na cha kwako kinapimwa dhidi ya hicho. Mfano wa zamani unaitwa G1: kitako bapa, pua fupi, umbo la makombora ya karne ya 19. Majedwali yake yana mizizi kwenye majaribio ya mizinga ya Krupp, Ujerumani, miaka ya 1880, na herufi G ni kumbukumbu ya Gâvre, Ufaransa, kulikokuwa na kamisheni ya kupima mizinga. Mfano wa G7 ulikuja baadaye: pua ndefu iliyochongoka na kitako kilichopunguzwa kwa nyuma, karibu kabisa na vichwa vya leo vya masafa marefu.

Chukua kichwa cha gramu 11.3 cha raifo ya .308, yaani chenye kipenyo cha inchi 0.308, ambacho walengaji wa mbali wanakijua vizuri. Kwa G1, BC yake ni takribani 0.5. Kwa G7 ni takribani 0.24. Sasa piga hesabu. Uzito wake kwa pauni, ukigawanywa kwa mraba wa kipenyo kwa inchi, ni 0.264. Gawanya hiyo kwa 0.5, unapata kama 0.53: ukinzani wake ni nusu na kidogo tu ya ule wa mfano wa G1. Gawanya kwa 0.24, unapata 1.1: kinazidiwa na mfano wa G7 kwa kama sehemu moja ya kumi. Kichwa hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni jirani anayelinganishwa naye. Kutaja BC bila kutaja mfano wake ni kama kutajiwa bei Kariakoo kuwa ni hamsini, usiulize ni elfu za shilingi au ni dola.

Kwa nini basi ujisumbue na G7 wakati boksi limeandikwa G1? Kwa sababu umbo la G1 hupoteza mwendo kwa mtindo mwingine. Ukilazimisha kichwa kirefu kifuate jedwali lake, BC inayumba kadiri risasi inavyopunguza kasi, na ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huchapisha BC mbili au tatu za G1 kwa kichwa kimoja, kila moja na kiwango chake cha mwendo. Ndani ya mita 300 tofauti hiyo haikuhusu. Ukifika yadi 1,000, umbali wa mwisho kwenye fainali ya shindano la shabaha la King's Prize kule Bisley, Uingereza, inaonekana wazi kwenye shabaha.

Kosa linalonikera zaidi ni la kuandika 0.24 kwenye nafasi ya G1 ndani ya programu ya simu inayokokotoa risasi itashuka kiasi gani. Programu haibishi. Inaamini risasi yako inakatwa mwendo mara mbili zaidi, inakuamuru upandishe darubini, na risasi inapita juu ya kila kitu. Kisha lawama zinamwendea fundi aliyefunga darubini.

“Fukuto la Dar linafanya hewa kuwa nzito, risasi inachoka mapema”

Hii nimeisikia hata kwa watu wazoefu, na siwalaumu. Mwezi wa Februari, shati limeganda mgongoni, ni vigumu kuamini kwamba hewa hiyo ni nyepesi. Lakini molekuli ya mvuke wa maji ina uzito wa 18, na wastani wa molekuli za hewa kavu ni karibu 29. Mvuke ukiingia unachukua nafasi ya kilicho kizito kuliko wenyewe. Kwa joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, hewa ya usawa wa bahari ina takribani kilo 1.14 kwa mita ya ujazo. Ingekuwa kavu kabisa, ingekuwa 1.15. Tofauti ni kama asilimia moja tu, na tena ni kwa faida ya mlengaji.

Kinachobadilisha mambo kweli ni joto na mwinuko. Hewa ya kawaida inayotumika vitabuni, nyuzi 15 usawa wa bahari, ni kilo 1.225. Kwa hiyo Dar tayari tuko chini ya kitabu kwa kama asilimia 7. Panda hadi Mbeya, mita 1,700 hivi, hewa inapungua tena kwa takribani asilimia 14 ukilinganisha na Dar. Aliyerekebisha darubini yake kwa masafa marefu huku pwani atapiga juu akifika huko, na hatakuwa amekosea kulenga.

“Risasi yenye kasi zaidi haisumbuliwi na upepo”

Upepo hauhesabu muda wote ambao risasi iko hewani. Unahesabu muda uliocheleweshwa na hewa: muda halisi wa safari, ukitoa muda ambao risasi ingetumia kama kusingekuwa na hewa kabisa. Kile kichwa cha .308, kikitoka kwenye mtutu kwa mita 790 hivi kwa sekunde, kinafika yadi 1,000 kwa kama sekunde 1.7. Bila hewa ingekuwa 1.15. Zidisha ucheleweshaji huo wa 0.55 kwa upepo wa kusi wa mita 4 kwa sekunde unaokata kutoka ubavuni, unapata mita 2.2 za kuhama pembeni. Kwa upepo ambao Coco Beach hakuna mtu angeulalamikia!

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waone. Risasi ndogo ya .22 iliyotengenezwa kwenda kasi, mita 380 kwa sekunde, kwa kawaida husukumwa na upepo zaidi ya ile ya pole inayokwenda 325. Ya kwanza inaanza juu ya kasi ya sauti, mahali ambapo ukinzani umepanda ghafla, kwa hiyo inacheleweshwa zaidi ingawa inatangulia kufika. Benjamin Robins wa Uingereza aligundua mwaka 1742, akipiga risasi kwenye pendulamu yake, yaani kipande kizito kinachoning'inia cha kupimia mwendo wa risasi, kwamba ukinzani huongezeka kupita kiasi karibu na kasi ya sauti. Picha za mawimbi yanayosababisha hilo zilikuja kupigwa na Ernst Mach na Peter Salcher miaka ya 1880.

Kuna mawili ya kupita haraka. Risasi hainyooki kwanza ndipo ianze kushuka: inaanguka tangu inapotoka mtutuni, na mtutu ndio ulioinamishwa juu kidogo. Na BC kubwa haimaanishi matundu yatakaribiana kwenye karatasi. Hiyo ni kazi ya mtutu, baruti na mkono wako.

“Nikiweka BC sahihi, simu itamaliza kazi”

Simu itakuuliza kanieneo ya hewa, na hapa watu wa pwani tunaingia mtegoni kwa sababu kwetu mtego hauonekani. Taarifa za hali ya hewa hutoa kanieneo iliyokwisha kurekebishwa kana kwamba kila mji uko usawa wa bahari. Dar namba hiyo ni sawa na halisi. Mbeya itasomeka hektopaskali 1,015 au karibu na hapo, wakati hewa inayoizunguka bunduki yako ni kama 830. Ukiwa na kipimo chako mwenyewe mkononi, kinachosoma kanieneo halisi ya pale uliposimama, ingiza hicho na mwinuko uandike sifuri. Ukitumia namba ya taarifa ya hali ya hewa, basi andika mwinuko wa kweli. Ukichanganya yote mawili, kanieneo halisi pamoja na mita 1,700, programu itakuondolea hewa mara mbili.