Hasi na hasi haziwi chanya kila zinapokutana

Kauli ya "hasi na hasi ni chanya" imenifikia tena wiki hii, safari hii kupitia mzazi aliyetaka kujua kwa nini mwanawe amekoseshwa swali la −3 − 5, ilhali mtoto alifuata kanuni aliyofundishwa na kupata 8. Nimelijibu swali hilo mara nyingi mno, kwa wazazi na kwa wanafunzi, hata nimeona afadhali nilijibu kwa maandishi, kwa sababu kosa hilo haliishii shule ya msingi. Wanafunzi wa kidato cha nne huingia nalo katika milinganyo, na kule huwapotezea alama bila wao kujua lilikotoka.

Kanuni yenyewe inahusu kuzidisha na kugawanya: (−3) × (−5) = 15. Kuhusu kujumlisha haisemi lolote, na katika −3 − 5 hakuna kinachozidishwa. Tunaanzia −3 na kutoa 5 chanya, kwa hiyo kwenye mstari wa namba tunasogea hatua 5 zaidi kuelekea kushoto na kufika −8. Mwanafunzi anayeona vistari viwili katika swali moja na kuvigeuza kuwa alama ya kujumlisha hajafanya hesabu yoyote, amehesabu vistari. Vistari hivyo huweza kugeuzwa pale tu vinapofuatana bila namba kati yake, kama katika −3 − (−5), na hata hapo sababu ni maana ya kutoa.

Maana hiyo ni hii: kutoa b kwenye a ni kutafuta namba ambayo ukiijumlisha na b unapata a. Tunasema 9 − 4 ni 5 kwa kuwa 5 + 4 = 9. Sasa chukua 2 − (−6). Tunatafuta namba ambayo ikijumlishwa na −6 italeta 2. Kutoka −6 hadi sifuri tunahitaji 6, kutoka sifuri hadi 2 tunahitaji 2 nyingine, kwa hiyo jibu ni 8, na yeyote anaweza kulihakiki: 8 + (−6) = 2. Hapo ndipo tunapoona kwamba kutoa −6 ni sawa na kujumlisha 6, na ndipo njia fupi inapopata haki ya kutumika: badili kutoa kuwe kujumlisha, kisha badili alama ya namba inayotolewa. Nasisitiza, ya namba inayotolewa. Namba ya kwanza haiguswi kabisa, na wanaoigusa ni wengi.

Nyuma ya kosa hili kuna imani nyingine ambayo sisi walimu tumeipanda wenyewe, nayo ni kwamba kutoa hupunguza daima na kwamba namba kubwa haitoki kwenye ndogo. Katika darasa la pili tunasema hivyo ili tuweze kufundisha kuazima kumi, halafu miaka michache baadaye tunashangaa mtoto anapoandika 3 − 8 = 5. Ingetosha kumwambia tangu mwanzo kwamba jibu lipo, ila bado hajafundishwa namba zinazohitajika kuliandika.

Mfano ninaoupenda ni wa Ziwa Tanganyika. Uso wa maji yake uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kabisa ni takriban mita 1,470. Sehemu hiyo ya chini kabisa ya ziwa, basi, iko katika 773 − 1,470, yaani −697: karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Anayegeuza hesabu na kuandika 697 amekiinua kitanda cha ziwa hadi juu ya bahari, karibu kabisa na uso wa maji. Sasa tuulize tofauti ya mwinuko kati ya kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, na mahali hapo. Ni 5,895 − (−697), yaani mita 6,592. Anayedhani kutoa lazima kupunguze atapata 5,198, na ajiulize inawezekanaje umbali wa wima kutoka kileleni hadi chini ya usawa wa bahari uwe mfupi kuliko kutoka kileleni hadi usawa wa bahari wenyewe.

Vitabu vingi hueleza jambo hili kwa deni, na si njia ngeni: Brahmagupta wa India, mwaka 628, aliandika kanuni za namba hizi kwa kuzungumzia mali na madeni. Kufutiwa deni la shilingi 3,000 ni sawa na kuongezewa shilingi 3,000, na watoto hulielewa hilo haraka. Lakini mwanafunzi makini huuliza: katika 5 − (−3), nina 5 mfukoni na sidaiwi na mtu, sasa ni deni gani hilo linalofutwa? Swali ni la haki kabisa. Ili kulijibu, lazima kwanza tuiandike 5 kama 8 + (−3), mali ya 8 pamoja na deni la 3, kisha tuliondoe deni hilo na kubaki na 8. Maelezo hayo ni sahihi, ila nina shaka kama ni mepesi kuliko jambo lenyewe tunalotaka kulieleza. Mstari wa namba nao una udhaifu wake, kwa kuwa agizo la "geuka, kisha rudi kinyumenyume" huleta jibu sahihi bila kueleza kwa nini tugeuke. Ndiyo maana naegemea maana ya kutoa, ingawa nakiri kwamba watoto wadogo huchelewa kuizoea.

Tatizo la mwisho ni kistari chenyewe, ambacho kinabeba kazi mbili: kinaagiza kutoa, na kinaonyesha kuwa namba ni hasi. Vikokotoo vingi vya kisayansi vimezitenganisha kazi hizo kwa vitufe viwili, lakini karatasi haina msaada huo. Kwa hiyo nadai mabano kwenye kila namba hasi inayotolewa, hata kama wenzangu wengine wanaona ni kupoteza wino, na chini ya kila jibu nadai mstari wa uhakiki kwa kujumlisha. Aliyeandika −4 − 7 = 11 atalazimika kuandika chini yake kwamba 11 + 7 = −4, na wengi wao hufuta jibu hapohapo, kabla daftari halijanifikia.