Je, wajua kwa nini mtoto anayeimba herufi zote bado anashindwa kusoma "moto"?

Mtoto anaimba a, be, che, de mpaka mwisho bila kukosea, lakini ukimwandikia neno "moto" anakodoa macho tu. Wimbo umemfundisha majina ya herufi, na jina la herufi si sauti yake. Aliyezoea kuiita m "em" na t "te" akiziunganisha anapata "emoteo". Anayejua kwamba m ni midomo iliyofumbwa na mvumo unaotokea puani, "mmm", anafika "mo" karibu peke yake.

Kazi huanza masikioni, kabla ya kalamu. Chezeni kutafuta: "Naona kitu kinachoanza na mmm." Naye ataje meza, maji, mama. Chagua maneno kwa makini, maana hapa ndipo wazazi wengi huteleza. Kwa n, taja nane au nanga. Weka kando ndoo, nyumba na ng'ombe. Katika ndoo, n imegandana na d. Ny na ng' ni sauti nyingine kabisa, ingawa tunaziandika kwa kuanzia na n. Kwa hiyo mtoto akikataa kwamba nyumba inaanza na "nnn", sikio lake halijakosea. Vivyo hivyo akipiga makofi mawili kwa neno mtu, usimsahihishe: m pale ni silabi kamili, m-tu.

Watoto hupenda sana mchezo wa nyoka na nyuki. Aweke kiganja kooni: nyoka anasema "sss", koo limetulia, nyuki anasema "zzz", koo linatetemeka. Fanyeni hivyo hivyo kwa f na v. Tofauti ambayo sikio lilikuwa linaikosa, mkono unaishika.

Sauti zikishasikika, leta herufi. Vizibo vya chupa vinatosha: a, e, i, o, u kwa rangi nyekundu, kisha m, t na k kwa bluu, kila herufi vizibo viwili ili maneno kama mama na kiti yaandikike. Chora mstari mdogo chini ya kila herufi. Bila mstari huo kizibo kikizunguka n inakuwa u, na d inakuwa p, halafu mtoto analaumiwa bure.

Weka m na a umbali wa shubiri moja. Mtoto asukume m polepole huku akivuta "mmmm", bila kukata pumzi, mpaka vizibo vigusane: "mmmma". Akinyamaza katikati, silabi inavunjika na atarudi kusoma vipande vipande, kwa hiyo sogeza vizibo karibu zaidi ajaribu tena. M, n, s, f na l zinavutika, nazo ndizo za kuanza kuunganisha. T na k hazivutiki. Ukijaribu kuzivuta unajikuta umeongeza vokali isiyotakiwa. Hizo zitamke fupi, kama unanong'ona, kisha uruke mara moja kwenye silabi: ka, ke, ki, ko, ku. Kiswahili kinatusaidia mno hapa, kwa kuwa vokali zetu ni tano tu na kila moja haibadilishi sauti yake. Konsonanti m, t na k pekee zinatoa silabi 15, na ndani yake mna moto, kiti, kuku, kaka, tamu, hata kamati.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Acha mchezo yeye angali anautaka.

Kuna b na d, ambazo watoto huzichanganya mpaka wazazi wakatoka jasho. Kikombe kikigeuziwa mkono kulia au kushoto bado ni kikombe, na hivyo ndivyo mtoto alivyozoea kuvitambua vitu vyote tangu azaliwe. Herufi ndizo za kwanza kumdai aangalie upande. Usizifundishe pamoja. Anza na b peke yake. D isubiri mpaka b imekaa. Tandaza unga mkavu kwenye sinia, unene wa sentimita moja hivi, aandike kwa kidole huku akitamka. B huanza na mstari wa kushuka kutoka juu, tumbo likafuata. D huanza na tumbo. Akikosea, atikise sinia aanze upya.