Makato ya LUKU hayaingii mfukoni mwa diwani

Mimi ni diwani, na swali ninaloulizwa sana kata nzima ni hili: "Mheshimiwa, kila mwezi mnatukata kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), mbona barabara yetu bado mashimo?" Hasira hiyo naielewa, ila anayelaumiwa siye.

Tazama risiti yako ya umeme. Chini ya VAT, EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati na maji) na REA (tozo ya umeme vijijini) kuna kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia mita. Viwango hupangwa na Bunge kwa sheria ya fedha. Baraza la Madiwani halipigi kura juu ya kiwango hicho. Na kama umepanga, deni hilo ni la mwenye nyumba. Kaa naye mkubaliane likatwe kwenye kodi ya pango. Wapangaji wengi wanaumia kimyakimya kwa kutolijua hili.

Tunachokijadili sisi ni mapato ya ndani: leseni za biashara, ushuru wa masoko, vibali vya ujenzi. Humo asilimia 10 ni mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hata hapo sishiki hundi. Afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha, ni mkurugenzi wa halmashauri.

Hapo ndipo nibaneni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vinaibuliwa mtaani miezi mingi kabla. Njooni kwenye mkutano wa mtaa, na mdai kusomewa mapato na matumizi.