Watu walio chini ya joka la Bendigo

Kwa kuwa kazi yangu ni kutafiti ngoma za jadi, kila mara naulizwa: ngoma ya simba ya Kichina na ya joka si ni kitu kimoja? Hapana. Simba huchezwa na watu wawili waliojificha ndani ya vazi moja. Joka hubebwa juu ya fito na wabebaji wanaonekana wazi. Likiwa refu, linahitaji jamii nzima. Ndiyo maana nalipenda mno gwaride la Pasaka la Bendigo, mji wa machimbo ya dhahabu katika jimbo la Victoria, Australia.

Wachina walioukimbilia mji huo miaka ya 1850 wengi walitoka Guangdong, kusini mwa China. Hawakupokewa vizuri. Mwaka 1855 serikali ya Victoria iliweka kodi ya pauni 10 kwa kila Mchina anayeshuka melini. Mwaka 1871 wenyeji wakaanzisha tamasha la Pasaka la kuchangia hospitali na nyumba ya kutunzia wasiojiweza. Haikupita miaka mingi Wachina nao wakajiunga, wakiwa na mavazi ya hariri, bendera na ala walizoagiza kwao. Watu waliotozwa kodi kwa asili yao wakawa wanachangisha fedha za hospitali ya mji mzima!

Mwaka 1901 joka lao, Loong, lilipelekwa Melbourne kupamba sherehe za kuzaliwa kwa shirikisho la Australia. Kabla mwaka haujaisha, bunge jipya likapitisha sheria ya kuwazuia Wachina na wengine wasio Wazungu kuhamia nchini. Hilo linaniuma kila ninapolisoma. Hata hivyo ngoma haikufa. Mwaka 1970 Loong alistaafu akapokewa na Sun Loong, aliyetengenezwa Hong Kong, mwenye urefu wa takriban mita 100. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Dai Gum Loong. Wazee hao wawili wamehifadhiwa katika Makumbusho ya Golden Dragon, palepale Bendigo.

Ukipata nafasi ya kusogea karibu, mtazame simba. Kichwa chake ni kiunzi cha mianzi kilichofunikwa karatasi na kitambaa, na kwenye paji pana kioo cha kufukuzia mashetani. Anayekibeba huvuta kamba ndani ili kope zipepese na mdomo ufunguke. Wa nyuma hucheza ameinama tangu mwanzo hadi mwisho, haoni mbele. Hutegemea ngoma, upatu, matoazi na nyayo za mwenzake. Mpiga ngoma naye hambandui macho simba, maana simba akilala, ngoma hunong'ona, na akiruka, hulipuka.

Simba hao ndio huliamsha joka kwa fataki. Kisha fito huinuliwa, na siku hizi wanaozishika si wenye asili ya Kichina peke yao: majirani nao hujitolea. Mzigo ni mzito, kwa hiyo hubebwa kwa zamu, anayechoka hupokewa.