Kwa nini mbao za kenchi zinapinda

Kenchi ikipinda kabla bati halijamaliza mwaka, lawama humwangukia fundi. Mara nyingi anaonewa. Mbao ile ilipasuliwa kutoka kwenye msonobari wa miaka minane au tisa, na mti wa umri huo bado mchanga hadi ndani: mbao yake ikikauka inajikunja, na nguvu zake ni ndogo.

Msonobari wa mbao za ujenzi unataka miaka 18 hadi 25. Shamba la Serikali la Sao Hill, wilayani Mufindi, linaweza kusubiri. Mkulima wa Makete au Kilolo mwenye ada ya shule ya kulipa Januari hawezi, na ndiyo maana dalali humkuta shambani mapema. Simlaumu. Lakini sehemu kubwa ya mbao laini sokoni sasa inatoka kwa wakulima kama yeye, kwa hiyo msaada wa Serikali hauna budi kumfikia huko huko aliko.

Kuanzia 2014, Tanzania na Finland ziliendesha Programu ya Panda Miti Kibiashara katika Nyanda za Juu Kusini. Vikundi vya wapanda miti viliundwa, bustani za mbegu bora zikaanzishwa, na Mafinga kikapatikana kituo cha kufundisha upandaji na upasuaji wa mbao. Mbegu ndiyo niliyoiona ikibadilisha mashamba. Mche wa mbegu iliyookotwa ovyo hutoa mti wenye kona, na kona haina dawa.

Nafasi nayo ina maneno. Mita tatu kwa tatu ni miche 450 hivi kwa ekari. Wengi hubananisha wakidhani watavuna zaidi, kisha wanapata fito. Matawi yasipopogolewa mapema huacha mafundo, na mbao huvunjikia hapo. Halafu zipo mashine za kupasulia mbao ziitwazo dingdong, ambazo msumeno wake mnene hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi.

Wewe unayejenga, tazama kichwa cha mbao. Ukiona moyo wa mti katikati ya mbili kwa nne, na duara zake ni pana, ujue mti ulikuwa mdogo. Ukiambiwa ni ya dawa, yaani imetiwa dawa ya kuzuia wadudu na kuoza, omba ikatwe kipande: kijani kikiwa juu tu na ndani nyeupe, umeuziwa rangi.